Udhibiti wa wanunuzi wa pamba mkoani Mara

Udhibiti wa wanunuzi wa pamba ni kazi ya kuamua nani anunue pamba ya mkulima, kwa bei gani na kwa mzani upi. Mkoani Mara zao hili limeshamiri zaidi Bunda, na hulimwa pia Butiama na Musoma Vijijini.

Enzi za ukoloni jineri (viwanda vya kuchambua pamba) nyingi za Kanda ya Ziwa, ambamo Mara imo, zilimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia. Wakulima walipochoka kupunjwa kwenye mizani walianzisha vyama vyao, na mwaka 1955 vikaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Udhibiti wa kwanza wenye nguvu, basi, ulitoka kwa wakulima wenyewe.

Azimio la Arusha la 1967, lililoasisiwa na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka 1976 serikali ikavunja hata vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi ukawa wa mamlaka yake ya pamba. Mkulima alibaki na mnunuzi mmoja, naye hakuwa na njia ya kumwajibisha mnunuzi huyo. Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Biashara ilifunguliwa mwaka 1994. Wanunuzi binafsi walileta ushindani wa bei, lakini mikopo ya mbegu na viuatilifu ikayumba, kwa kuwa aliyekopeshwa na mmoja aliweza kumuuzia mwingine. Pamba safi ilichanganywa na fifi, yaani pamba chafu ya daraja la chini, nyingine ikatiwa maji na mchanga ili izidi uzito.

Leo Bodi ya Pamba hutoa leseni na kusimamia bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza makampuni kula njama ya kupanga bei. Adhabu yake ni faini inayoweza kufikia asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Tangu 2018 pamba hupitia vyama vya msingi vya ushirika vya mazao (AMCOS), na hatua hiyo imemrudishia mkulima sauti kidogo.

Udhaifu wa mfumo huu ulionekana msimu wa 2019. Bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita. Wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa walikwishapeleka pamba kwenye vyama vya msingi, wakasubiri malipo kwa miezi.