Nanga, Embandwa na Nguvu ya Kurudiarudia

Wengi huamini kwamba mdundo ukirudiwa kwa muda mrefu humpagawisha mtu kwa nguvu zake wenyewe. Mwaka 1962 Andrew Neher, mtafiti wa Marekani, aliipa imani hiyo sura ya kisayansi: mapigo ya ngoma, alisema, huathiri mwenendo wa ubongo. Historia ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, inaonyesha jambo jingine. Mrudio huandaa mwili, lakini mapokeo ndiyo huamua mwili huo ufanye nini.

Tuanze na nanga, gogo lililochongwa kama hori na kupitishwa uzi mmoja huku na huku hadi zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji hushikilia kijitungo kifupi, sauti yake ikibeba utendi mrefu, kama ule wa Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. Mtafiti Mugyabuso Mulokozi, aliyewatetea manju wa nanga, yaani waimbaji hao, mwaka 1983 kuwa ni watunzi halisi wa tendi, ametusaidia kuona ufundi huo. Kijitungo kinampa manju nafasi ya kuutunga mstari ujao, na msikilizaji njia ya kufuata kisa. Iwe mbele ya mukama, yaani mfalme, au kwenye kikao cha rubisi, pombe ya ndizi, watu walizama katika kisa lakini hawakupandwa na pepo.

Katika embandwa, ibada ya kupandwa na miungu, Mugasha huyohuyo, pamoja na miungu wengine kama Wamara na Irungu, aliitwa kwa ngoma na manyanga. Hapo watu walipandwa. Lakini waliopandwa walikuwa hasa wale waliokwisha kuingizwa katika ibada, wakafunzwa kila mungu asemeje na avae nini. Jirani aliyesikia ngoma ileile aliweza kurudi kwake kama alivyokuja. Gilbert Rouget, mtaalamu wa muziki wa Ufaransa, alipinga hoja ya Neher kwa msingi huohuo mwaka 1980.

Mtu atasema nanga ni laini na ngoma ni kali, hivyo tofauti ni ya sauti tu. Lakini ngoma za bakama, yaani wafalme, nazo zilikuwa kali, na kazi yake ilikuwa kutangaza enzi, si kuita pepo. Tena, wamisionari wa Kanisa Katoliki walifika Kashozi mwaka 1892 wakaipiga vita embandwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho, vuguvugu la toba la Wakristo wa Kiprotestanti, ukaingia kutoka Rwanda na Uganda, na pambio lake la Tukutendereza likarudiwarudiwa bila ngoma wala manyanga. Waumini walilia, wakatetemeka, wakaungama dhambi hadharani. Mafundisho yalikuwa mengine kabisa, na mwili ukatoa ishara ambazo kundi jipya lilizitambua.

Ndiyo maana kufutwa kwa utemi, yaani enzi ya bakama, mwaka 1963 kuliigusa nanga zaidi kuliko uchakavu wowote wa nyuzi: ilipoteza baraza lililojua kuisikiliza. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahaya mwaka 1950, hivyo mapigo yamehifadhika, lakini si wasikilizaji wake. Anayetaka kuifufua nanga leo hana budi kuwafunza wasikilizaji pamoja na wapigaji.