Tiba kwa wanaokerwa kupindukia na sauti za kawaida

KUNA watu ambao mlio wa mwenzao anayetafuna chakula, kufyonza chai au kuvuta kamasi huwapandisha hasira papo hapo, hata wakalazimika kuondoka mezani. Moyo huwaenda mbio, misuli hukaza, na hamu ya kumfokea anayetoa sauti hiyo huwajaa, ingawa wanafahamu fika kwamba hakuna kosa lililotendwa. Nyumbani huitwa wenye kiburi au wasio na adabu. Wataalamu huiita hali hiyo misofonia.

Jina hilo, lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya chuki na sauti, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Margaret na Pawel Jastreboff, watafiti wa masuala ya usikivu katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Nia yao ilikuwa kuitenga hali hii na ile ya watu ambao masikio yao huumizwa na sauti kubwa ya aina yoyote. Mwenye misofonia aweza kuvumilia muziki wa matatu bila taabu, lakini ashindwe kuketi karibu na ndugu yake anayetafuna mahindi ya kuchoma. Ajabu ni kwamba mara nyingi sauti ya jamaa wa karibu humkera kuliko ya mgeni. Hapo ndipo ndoa na udugu huingia mashakani.

Kasoro haiko masikioni. Mnamo 2017, watafiti wakiongozwa na Sukhbinder Kumar wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa sauti hizo huiamsha kupita kiasi sehemu ya ubongo iitwayo insula, ambayo huamua ni jambo lipi la kutiliwa maanani. Mwaka 2021 walieleza pia kwamba kwa watu hawa, maeneo ya ubongo yanayopokea sauti yameungana kwa nguvu zaidi na yale yanayoongoza mdomo na uso. Pengine hiyo ndiyo sababu sauti za kula huongoza katika malalamiko.

Tiba iliyochunguzwa zaidi ni ile ya kurekebisha fikra na mienendo, na madaktari wa akili wa Amsterdam, Uholanzi, ndio walioifanyia kazi kubwa. Wagonjwa hukutana kwa makundi. Hufunzwa kuhamisha makini yao kutoka kwa sauti inayokera hadi kwa shughuli iliyo mbele yao, na kuulegeza mwili kabla ya hasira kupanda. Aidha, huioanisha sauti wanayoichukia na picha au kumbukumbu za kupendeza, na huichezea sauti yenyewe kwa kompyuta, wakiibadilisha hadi ipoteze makali yake. Ndugu na marafiki nao huelezwa hali ilivyo.

Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 54 waligawanywa kwa kura. Waliotibiwa kila wiki kwa miezi mitatu, asilimia 37 walipata nafuu ya wazi. Miongoni mwa waliokuwa wakingojea zamu, hakuna hata mmoja. Nafuu hiyo iliendelea kuonekana mwaka mmoja baadaye. Ni kweli kwamba wengi hawakufikia kiwango hicho, na yeyote anayeahidi kuiponya misofonia kabisa anastahili kushukiwa. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa akila peke yake chumbani kwa miaka, nafuu ya kiasi si haba.

Kumlazimisha mgonjwa asikilize sauti hizo ili azizoee, jinsi wazazi wengine wanavyofanya kwa nia njema, si tiba na huenda kukazidisha chuki. Kuziba masikio kutwa nzima pia hakufai, kwa kuwa masikio yaliyozoea ukimya huzidi kuwa mepesi kuudhika. Afadhali redio ya sauti ya chini wakati wa kula, au feni, ili mlio usisikike peke yake.

Misofonia bado haimo katika orodha rasmi za magonjwa ya akili zinazotumiwa na madaktari, na wataalamu waliafikiana kuhusu maana yake mwaka 2022 tu. Kwa hivyo, msomaji asishangae akikutana na daktari asiyelijua jina lenyewe. Jambo la busara ni kupimwa masikio kwanza, kisha kumwona mwanasaikolojia aliyefunzwa tiba ya fikra na mienendo, akiwa na orodha ya sauti zinazomkera, ni za nani, na anachofanya anapozisikia.