Jogoo wa Maji, Jeshi la Ulinzi

Asubuhi ya Julai huko Mahongole, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, maji ya bomba huuma mpaka kwenye mifupa. Shangazi yangu alikuwa uani akiosha viazi. Mgeni wa usharika, mama wa Kijerumani aliyekuja na Kiswahili cha kuokoteza njiani, akamwomba ruhusa ya kufungua jogoo. Shangazi akageuka kutazama banda la kuku. Mgeni akaonyesha koki kwa kidole. Kumbe kwao koki ni Wasserhahn, na Wasser ni maji, Hahn ni jogoo.

"Na huyu wa kwenu huwika saa ngapi?" Shangazi akauliza.

Tangu siku ile koki ya pale nyumbani imekuwa jogoo. Mtu akisahau kuifunga, utasikia, "Nani kaacha jogoo wazi?" Mimi nilianza kuokota maneno ya namna hiyo kama mtoto anavyookota mapera, na kadiri nilivyookota ndivyo nilivyojikuta nimeingia kwenye historia ambayo haichekeshi hata kidogo. Lakini tuanze na kicheko.

Mjerumani akiona kitu kipya hahangaiki kukitafutia jina geni. Huchukua maneno mawili aliyonayo ndani na kuyagandisha. Glavu ni Handschuh, kiatu cha mkono. Kastabani, ile ya kukinga kidole mtu anaposhona, ni Fingerhut, kofia ya kidole. Ufizi ni Zahnfleisch, nyama ya meno. Balbu ni Glühbirne, yaani pea linalong'aa. Friji ni Kühlschrank, kabati la kupoza. Wanyama nao hawakusalimika: kobe ni Schildkröte, chura mwenye ngao, nungunungu ni Stachelschwein, nguruwe wa miiba, kifaru ni Nashorn, pembe ya puani. Kiboko wetu wa Ruaha na Rufiji wamempa uraia wa mto mwingine kabisa, wakamwita Nilpferd, farasi wa Nile. Hapo walifuata Wagiriki wa kale, ambao nao walimwona farasi wa mtoni. Yeyote aliyewahi kumwona kiboko akitoka majini usiku atajiuliza ni farasi wa aina gani waliokuwa wakiwafuga.

Ninalolipenda kuliko yote ni neno Zeug. Maana yake ni vitu tu, vikorokoro. Likibandikwa mwishoni linakamilisha kazi: Feuerzeug ni kikorokoro cha moto, yaani kiberiti cha gesi, Spielzeug ni vikorokoro vya kuchezea, Schlagzeug, vikorokoro vya kupiga, ni ngoma za bendi. Na ile ndege kubwa, yenye mamia ya watu na mizigo yao, ni Flugzeug, kikorokoro cha kuruka. Ukilijua hilo, kupanda kunahitaji moyo.

Mswahili anayejifunza lugha hii hulazimika kuingia kwa mlango wa nyuma. Sisi tunataja kwanza kitu chenyewe, kisha sifa yake: nyumba, ya wagonjwa. Wao huanza na wagonjwa, nyumba ikafuata: Krankenhaus. Neno likiwa na vipande vinne au vitano, hujui linazungumzia nini mpaka ufike mwisho ukitweta. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alilalamikia jambo hilo katika insha nzima mwaka 1880. Bado hakuwa ameona kazi ya bunge la jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, ambalo mwaka 1999 lilipitisha sheria ya kukasimu majukumu ya kusimamia uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Jina lake lilikuwa neno moja: Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Herufi 63. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2013, na neno likabaki bila kazi, kama kreni baada ya ghorofa kwisha.

Tusijifanye watakatifu, lakini. Mtoto wa mwisho kwetu ni kitindamimba. Chai ya asubuhi ni kifunguakinywa, maana kinywa kilikuwa kimefungwa. Kipimajoto, kipazasauti, mpigapicha: yote yanajieleza kama ya Wajerumani. Asiye na kitu ni mlalahoi, na hapo tumewazidi, maana katika silabi tano mna mtu, kitanda na uchovu wake. Tofauti ni kwamba wao hurefusha majina na sisi hurefusha vitenzi. "Tutakapowasimulia" ni neno moja. Mjerumani atahitaji maneno kadhaa na mkato kulieleza. Pale Makambako, barabara ya Songea inapoiacha ile ya Mbeya, limo neno jingine la ukoo huo. Reli ya TAZARA inayopita hapo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975. Sisi tunapanda garimoshi. Wao, kwa lugha yao, walikuwa wakitujengea njia ya huoche: huo ni moto, che ni gari. Moto kwao, moshi kwetu, na behewa ni lile lile.

Wajerumani hawakuileta reli yao huku. Ile waliyoiita Mittellandbahn, njia ya nchi ya kati, iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ikatupita mbali upande wa kaskazini. Walichotuachia ni maneno. Shule ni Schule, na ushahidi wake uko baharini: Zanzibar, iliyoangukia kwa Waingereza katika mapatano ya mwaka 1890, mtoto huenda skuli. Hela ni Heller. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliacha hesabu ya zamani ya pesa 64 kwa rupia, ikaigawa rupia kwa Heller 100. Jina hilo lilitokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, zilikofuliwa sarafu za aina hiyo katika Zama za Kati. Kwa hiyo muuza parachichi wa Njombe anayesema hana hela anataja, bila kujua, mji ambao hajawahi kuusikia.

Majina ya mahali waliyaunganisha vile vile, kisha yakawaponyoka. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa Bismarckburg, ngome ya Bismarck. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. Kwenye Ziwa Nyasa, Manda iliitwa Wiedhafen na Liuli Sphinxhafen. Hafen ni bandari. Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, jina walilolihamisha kutoka kituo cha kwanza cha ziwani, ambacho nacho kiliitwa kwa heshima ya mkuu mmoja wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg. Ukilivunja vipande unapata Mpya-Ndefu-Ngome. Waingereza walipochukua nchi, majina hayo yaling'oka kama lebo iliyobandikwa kwa uji.

Nilikuwa nikicheka hivyo mpaka nilipofika kwenye neno Schutz.

Schutz ni ulinzi, kinga. Regenschutz ni kinga ya mvua. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Mfalme Wilhelm wa Kwanza alitoa Schutzbrief, barua ya ulinzi, kwa kampuni ya Carl Peters. Peters alikuwa amerudi na mikataba aliyowatilisha saini watawala wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Nchi ikawa Schutzgebiet, eneo la ulinzi. Mwaka 1891 likaundwa rasmi jeshi la kuitunza, Schutztruppe, jeshi la ulinzi. Lugha ambayo haiwezi kuficha kwamba ufizi ni nyama, ilipofika kwenye kuteka nchi za watu ilipata haya ghafla.

Agosti 17 mwaka huo huo wa 1891 jeshi la ulinzi liliingia Uhehe bila kualikwa, na watu wa mtwa Mkwawa wakalivunja pale Lugalo. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa. Huyo watu walikuwa wamembandika jina la Nyundo. Peters naye walimwita Mkono wa Damu. Kwa kuita vitu kwa majina yake, wazee wetu hawakuhitaji mwalimu.

Wajerumani ndio waliomhitaji mwalimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo waliokuwa wakijiandaa kuja kutawala huku. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Mjerumani Carl Velten mwaka 1903. Alioa Mjerumani. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, wakubwa wa koloni walikataa ndoa ya namna hiyo isitie mguu nchini, ikabidi wageuze. Alifariki Berlin mwaka 1927. Eneo la ulinzi halikuwa na nafasi ya kumlinda.

Kwetu Ubena neno hilo la ulinzi lilifika na moto. Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipopanda nyanda za juu, wapiganaji wa Kibena walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Jibu la Gavana von Götzen na maofisa wake lilikuwa kuchoma vijiji, maghala na mazao mashambani, mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuiweza. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona ni kati ya 250,000 na 300,000. Kodi iliyokuwa ikidaiwa tangu 1898 ilikuwa na jina la kunyooka, Hüttensteuer, kodi ya kibanda. Wakati wa kudai, lugha ilirudiwa na ukweli wake.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha. Nilipoisikia habari hiyo nilikwenda kwenye kamusi kutafuta fidia wanaiitaje. Wana neno: Wiedergutmachung. Nililiandika kwenye karatasi, na siku nilipofika Mahongole nikamvunjia Shangazi kama ilivyo desturi yetu. Wieder, tena. Gut, nzuri. Machung, kufanya. Kufanya iwe nzuri tena.

Alikuwa anakinga maji. Hakucheka safari hii. Aliangalia ndoo ikijaa, akamfunga jogoo, akaniuliza, "Na lenyewe wameshalitumia, au bado liko kwenye kamusi?"