Njia za Miguu za Musoma: Historia Iliyoandikwa kwa Nyayo

Mtu akiulizwa mahali ilipohifadhiwa historia ya nchi yetu, hutaja vitabu, nyumba za makumbusho na vinywa vya wazee. Ni nadra kumsikia akitaja njia za miguu. Hata hivyo njia ya miguu ni miongoni mwa kazi za kale kabisa tulizoachiwa na mababu zetu. Nyumba zao za udongo zimekwisha anguka na majembe yao yameliwa na kutu, lakini njia zao nyingi zingali pale zilipokuwa, kwa kuwa kila kizazi kilizitengeneza upya kwa kuzipita. Katika makala haya twakusudia kuzitazama njia za pori zilizo karibu na mji wa Musoma, hasa zile zielekeazo Butiama upande wa kusini-mashariki, na Kiriba na Majita upande wa kusini-magharibi. Ni njia ambazo mwalimu aweza kuwachukua wanafunzi wake asubuhi, akatembea nao kipande kimoja, na kuwarudisha kabla ya jua kuchwa. Tutajaribu kuonyesha kwamba matembezi hayo ya siku moja yana elimu ambayo haipatikani darasani, na kwamba elimu hiyo haitatungoja.

Tuanze na majina, maana jina ndilo kibao cha njia. Jina la Musoma latokana na neno omusoma katika lugha za watu wa ziwa, nalo lina maana ya rasi, yaani ulimi wa nchi uingiao majini. Mwenye kusimama mjini na kuitazama ardhi inavyochomoza ziwani hahitaji maelezo zaidi. Lakini atakayefika Kiriba, katika Musoma Vijijini, atalikuta neno hilohilo katika kijiji kinachoitwa Bwai Kumusoma. Hivyo jina ambalo ramani hulipa mji mmoja mkubwa, wenyeji walilitumia kuieleza sura ya nchi popote walipoikuta. Waliotoa majina haya walikuwa watu waendao kwa miguu au kwa mtumbwi, nao waliita mahali kwa jinsi panavyomlaki msafiri: penye mwamba, penye kivuko, penye mkuyu, penye rasi.

Njia na barabara

Yafaa tupambanue njia na barabara. Barabara hupimwa kwanza, kisha hukatwa. Huamriwa na mtu aliye mbali, nayo hupenda kunyooka. Njia ya miguu hupindapinda, na mgeni hudhani kuwa mapindi yake ni uvivu au ujinga. Sivyo. Kila pindi lina sababu yake. Hapa njia yauzunguka mwamba mkubwa wa matale, kwa maana nchi ya Musoma imejaa mawe makubwa yaliyopandana kama vihenge, yanayokaliwa na pimbi na mijusi. Pale yaliepuka shamba la mtu, ijapokuwa shamba lenyewe limekwisha geuka kichaka. Mbele kidogo yajitenga na kaburi, au na kisitu ambacho wazee walikataza kuni zake zisiokotwe. Kwa hiyo njia ni mapatano ya watu wengi, yaliyofanywa pole pole bila kuandikwa: huyu alikubali watu wapite ukingoni mwa uwanja wake, na wale walikubali kutokanyaga mbegu zake.

Nini kilipita katika njia hizo? Kilipita chakula kwanza. Watu wa pwani ya ziwa, yaani Wajita, Wakwaya na Waruri, walikuwa na samaki. Watu wa nchi ya ndani, kama Wazanaki na Waikizu, walikuwa na mifugo na nafaka za vilimani. Samaki aliyekaushwa alipanda, mtama na ulezi vikashuka. Walipita pia wahunzi na majembe yao, wafinyanzi na vyungu vyao, mabibi arusi na ng'ombe wa mahari, waganga na wagonjwa. Ndiyo sababu katika mkoa wa Mara, wenye makabila mengi na lugha nyingi katika eneo dogo, si ajabu kumkuta mzee asemaye lugha tatu au nne za majirani zake. Hakuzisoma shuleni. Alizipata njiani.

Njia ilikuwa na kazi ya utawala vilevile. Miongoni mwa watu wa magharibi ya Serengeti, kama Wanata na Waikoma, rika jipya lilipopokea dhamana ya kuilinda nchi, liliizunguka nchi hiyo kwa miguu, likipita mahali pake pa heshima, ili kuifunga dhidi ya maradhi, njaa na adui. Mpaka wa nchi haukuchorwa kwenye karatasi, ulikanyagwa. Kijana aliyeshiriki mwendo huo alikuwa ameiona nchi yote aliyotakiwa kuilinda, chemchemi kwa chemchemi na kilima kwa kilima. Tungependa mwalimu wa uraia alitafakari jambo hili: mababu zetu hawakumkabidhi mtu dhamana ya nchi ambayo hajaitembea.

Zilipokuja serikali za kigeni, ya Wajerumani kwanza kisha ya Waingereza, zilitaka barabara kwa ajili ya askari, kodi, pamba na dhahabu. Wengi waliozilima barabara hizo hawakuulizwa zipite wapi, na walioshindwa kulipa kodi kwa fedha waliweza kutakiwa kuilipa kwa jasho. Hatusemi kwamba barabara ni mbaya. Mgonjwa na gunia la pamba vyaihitaji. Twasema tu kwamba barabara na njia ni kumbukumbu za tawala mbili zilizo tofauti, na mwanafunzi azionapo zikikatana porini ameiona historia ya karne nzima mahali pamoja.

Pori lenye historia

Mtembezi mgeni hudhani kuwa pori ni nchi ambayo haijapata kukaliwa. Katika Afrika ya Mashariki dhana hii imetudanganya sana. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya bara letu, na nyuma yake zikafuata ndui na njaa. Mahali palipokuwa malisho, ng'ombe walipotoweka na watu wakapungua, kichaka kilisimama. Na kichaka kiliposimama, mbung'o waliingia, wakawazuia watu na mifugo kurejea. Hivyo sehemu ya pori tunalolisifu leo kwa uzuri wake ni jeraha lililoota majani.

Karne iliyofuata iliongeza kurasa nyingine. Mwaka 1951 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mapito ambayo wawindaji na wasafiri wa magharibi yake walizoea kuyatumia kuelekea mashariki yakafungwa. Kisha, hasa kuanzia mwaka 1974, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini, mara nyingi kandokando ya barabara. Kusudi lilikuwa kuwafikishia shule, zahanati na maji. Wengi walizipata huduma hizo. Wengi pia walihamishwa kwa haraka na kwa nguvu, wakaacha nyumba, miti na makaburi. Mambo haya mawili ni kweli yote, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyabeba pamoja.

Alama zake zingalipo. Mtembezi mwenye macho ataona mstari wa minyaa au wa katani uliosimama peke yake kichakani, usiozungushia kitu. Huo ulikuwa ua. Ndani yake ataona mawe matatu yaliyokaribiana, na pengine jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa mikono ya wanawake wa vizazi kadhaa. Hilo ni hame. Na njia iliyofifia, ipitayo hapo bila kuelekea popote, ilikuwa ikielekea mlangoni mwa mtu.

Mwendo wa mwanafunzi

Kuna mwendo mmoja katika njia hizi ambao taifa zima laujua. Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliondoka Butiama kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12, na umbali ni wa maili 26 hivi, yaani kama kilometa 42. Tangu hapo hadi alipokwenda Tabora mwaka 1937, nchi iliyo kati ya Butiama na ziwa ilikuwa darasa lake la pili. Desemba 1943 alibatizwa kwa jina la Julius katika misheni ya Nyegina, ambayo nayo imo katika nchi hiyohiyo ya matembezi.

Mtoto huyo alipokuwa Rais hakuisahau lugha ya miguu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, vijana katika sehemu mbalimbali za nchi waliliunga mkono kwa matembezi marefu. Na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki dunia akiwa safarini kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138 kwa siku nane, kuuendea mkutano mkuu wa TANU. Angeweza kwenda kwa gari au kwa ndege. Alichagua mwendo ambao mkulima yeyote aliyekuwa kando ya njia aliuelewa bila kufasiriwa.

Lakini tusiipambe taabu kwa maua. Wapo watoto ambao hadi leo huamka kabla ya alfajiri na kutembea mbali kwenda shule, wakapita vichakani gizani na kufika darasani wamechoka. Na wazazi wanaochangia mawe na mchanga ili shule ijengwe karibu wafanya jambo la haki. Mwendo wa lazima ni mzigo. Mwendo wa kujifunza ni mali. Tunapotaka njia za miguu zihifadhiwe hatutaki mtoto yeyote arudishiwe mzigo ule. Twataka asinyimwe mali hii.

Matembezi ya siku moja

Tunawashauri walimu kama ifuatavyo. Chagueni kipande kisichozidi kilometa kumi na tano kwenda na kurudi. Toeni taarifa kwa serikali ya kijiji, na mwombeni mzee, mwanamume au mwanamke, awaongoze; mwanamke mara nyingi ajua njia za kisimani na za kuni ambazo mwanamume hajapata kuzikanyaga. Ondokeni mapema, chukueni maji ya kunywa, na mtafute kivuli jua liwapo utosini. Wanafunzi wasiingie ziwani, kwa hofu ya mamba, kiboko na kichocho. Mahali pa heshima, kama msitu wa Muhunda kule Butiama, pasiingiliwe bila idhini ya wenyewe, na jiwe la kusagia lililo hameni liachwe lilipo.

Kila mwanafunzi awe na daftari. Aandike jina la kila kilima, kijito, mwamba na mti wenye jina, kwa lugha ya wenyeji, na maana yake kwa Kiswahili. Aulize nani alikaa hapa, alihama lini na kwa nini. Warudipo, darasa lichore ramani moja ya njia ile na kuiweka katika maktaba ya shule. Ramani kumi za namna hiyo, kutoka shule kumi za Musoma, Butiama na Bunda, zitakuwa kitabu ambacho hakuna mtaalamu wa mbali awezaye kukiandika.

Hatuna muda mrefu. Plau na trekta hukata mapito ya kale katika asubuhi moja. Nyumba mpya na viwanja vyenye nyaya huziba mengine. Na pikipiki, ambayo imewapunguzia wananchi taabu nyingi, imewafunza vijana kupita mahali bila kuuliza jina lake. Mzee akifa na majina yake, kilima hubaki lakini hakijui tena kuitika. Shamba lina mwenyewe na nyumba ina mwenyewe, hata barabara ina wizara yake. Njia ya miguu haina hati wala mlinzi. Ina wapitao tu, na siku watakapokoma kupita, majani yatahitaji masika mawili kuifuta.