Bwana, Nyumba na Sheria: Ukatili wa Ndoa Uvira tangu 1987

Kiswahili kilifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, kikiletwa na wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji. Pamoja nacho lilikuja neno bwana, lenye maana mbili: mwenye amri, na mume. Kwa hiyo Sheria ya Familia ya Zaire ya tarehe 1 Agosti 1987 haikuleta wazo geni Uvira ilipomtangaza mume kuwa mkuu wa nyumba na kumwajibisha mke kumtii. Tena ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba wa kazi. Aliyepigwa, akiwa hana pato lake, angekimbilia wapi?

Oktoba 1996 vita viliikumba Uvira, na Agosti 1998 vikazuka vingine. Ubakaji uliofanywa na wenye silaha, uliofichuliwa na vyama vya wanawake wa Kivu Kusini, uliishtua dunia, na sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zikakaza adhabu. Hata hivyo hazikumtaja mume ambakaye mkewe. Macho ya umma yalimwelekea mwenye bunduki. Mwenye kulala mkeka mmoja na mkewe akasahauliwa. Ilhali uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba wanawake 57 katika kila 100 waliopata kuolewa walikuwa wametendewa ukatili na waume zao, wa mwili, wa kingono au wa kihisia.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile idhini. Ukuu wa mume katika nyumba ukabaki. Yaonekana, basi, kwamba sheria peke yake haifungui mlango. Jirani aliyesikia kilio usiku aghalabu hujikinga kwa methali: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Lakini lugha hiyo hiyo yasema pia kuwa nyumba njema si mlango, na maana yake ni kuingia na kutazama.

Tena ndoa za huku hazikuwa kamwe jambo la watu wawili. Sheria ya 1987 yenyewe ilidai mahari, na mahari hupokewa na ukoo mbele ya mashahidi. Walioshuhudia mapatano hawawezi kujitenga na mapigo. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, wazee waliopokea mahari, chifu wa mtaa, mchungaji na shehe wanalo deni moja: kumwuliza bwana habari za nyumba yake kabla maiti haijatolewa humo.