Padri Warré na Mzinga wa Watu Wote

Kwa karne nyingi wakulima wengi wa Ulaya walivuna asali kwa kuwaua nyuki walioitengeneza. Mzinga wao ulisukwa kwa majani makavu, mfano wa kikapu kilichofudikizwa, na masega yalishikamana na kuta zake hata haikuwezekana kuyatoa bila kuyabomoa. Majira ya joto yalipokwisha, mwenye shamba aliinyanyua mizinga yake mmoja mmoja ili aupime uzito. Mizito ilihukumiwa kwa sababu ya utajiri wake, na miepesi kwa sababu isingeuvuka msimu wa baridi. Ile ya katikati ndiyo iliyosalimishwa iwe mbegu ya mwaka uliofuata. Mzinga uliohukumiwa uliwekwa juu ya shimo lenye kiberiti kinachowaka, na baada ya muda mfupi kundi zima lilikuwa limekufa.

Tusidhani kwamba Kanisa lilisimama mbali na jambo hili. Altare zilihitaji mishumaa ya nta, na yapo mashamba ambayo kodi yake ililipwa kwa nta. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, maneno ya Kilatini ya Mbiu ya Pasaka yalimtaja nyuki kwa sifa, kama mama aliyetoa nta ya mshumaa ule mkubwa. Miezi michache baadaye, katika vijiji vile vile, mama huyo alifukizwa kiberiti. Sisi hatuwahukumu wahenga wale kwa wepesi. Twaona walikosa chombo kuliko walivyokosa huruma.

Hata hivyo sheria ilikuwapo tangu kale. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu aonaye kiota cha ndege njiani anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama lazima aachwe aende zake. Ni amri ndogo, na wasomaji wengi huipita haraka. Lakini tazameni ahadi iliyofungwa nayo: heri na siku nyingi. Ahadi hiyo hiyo, katika sura ya 5 ya kitabu hicho, imefungwa na amri ya kuwaheshimu baba na mama katika nchi tuliyopewa na Mungu. Anayemwachia ndege uhai wake na anayewaheshimu wazazi waliomtangulia shambani wameahidiwa jambo moja.

Chombo kilichokosekana kilipatikana katika karne ya 19, na watumishi wa dini walikuwa mstari wa mbele. Padri Jan Dzierżon wa Silesia alitengeneza mzinga ambao masega yake yaliweza kutolewa, naye ndiye aliyeeleza mwaka 1845 kwamba nyuki dume hutokana na yai lisilotungishwa. Huko Marekani mchungaji wa Kiprotestanti, Lorenzo Langstroth, alipata mwaka 1852 hati ya uvumbuzi wa mzinga wenye viunzi vya kuinuliwa kimoja kimoja. Tangu hapo nyuki hawakuhitaji kufa ili asali ipatikane.

Ndipo kosa jingine likaanza, lisilo na moto wala moshi wa kiberiti. Kwa kuwa mzinga ulifunguka kwa urahisi, ulifunguliwa mara kwa mara. Kwa kuwa asali yote iliweza kutolewa, wengi waliitoa karibu yote, nao wakawalisha nyuki maji ya sukari. Vifaa navyo viligharimu fedha, hata mkulima maskini akabaki mtazamaji.

Émile Warré aliliona hilo. Alizaliwa mwaka 1867 katika eneo la Somme, kaskazini mwa Ufaransa, akapadrishwa mwaka 1891 katika jimbo la Amiens, akawa paroko wa vijiji. Baadaye alihamia karibu na mji wa Tours, akajitoa kabisa kwa kazi ya nyuki hadi kifo chake mwaka 1951. Alijaribu mizinga ya aina nyingi, ile mikubwa ya Dadant ikiwamo, kabla ya kuunda wa kwake, aliouita mzinga wa watu. Kitabu chake, L'Apiculture pour tous, kilifikia toleo la 12 mwaka 1948.

Mzinga huo ni wa kushangaza kwa uchache wa vitu vyake: masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa na sentimita 30 kwa 30 ndani na kimo cha sentimita 21, na vijiti 8 vya juu ambavyo nyuki hujijengea masega wenyewe bila kiunzi. Juu kabisa huwekwa sanduku la vumbi la mbao au majani makavu, lizuie baridi na unyevu. Masanduku mapya huongezwa chini, kwa sababu porini nyuki hujenga wakishuka. Asali hubaki juu, nalo sanduku la juu huvunwa mara moja kwa mwaka. Mawili huachiwa nyuki, pamoja na asali yao. Fundi wa kijiji aweza kuutengeneza kwa msumeno na nyundo.

Si mzinga usio na dosari. Kuongeza sanduku chini kwadai kunyanyua mzigo wote ulio juu, na masega yaliyoshikamana na kuta hufanya ugonjwa uwe mgumu kuonekana.

Na kwetu Congo? Moto bado ni desturi ya wengi wavunao asali porini, na katika misitu ya miombo mti uliochunwa gome lake pande zote ili kuwa mzinga hukauka ukiwa umesimama. Mara ngapi twagawana shamba la babu kwa kamba na vigingi, kisha kila mrithi akageuza miti ya sehemu yake kuwa makaa? Nyuki hawajui mipaka yetu. Huyatembelea maua ya kahawa ya kaka na ya maboga ya shangazi siku moja.

Vipimo vya Warré haviigwi kama vilivyo. Kutoka katikati ya kijiti hadi katikati ya kijiti kinachofuata yeye aliacha milimita 36, kwa nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu ni wadogo zaidi na huhitaji takriban 32. Ukiwapa nafasi kubwa, watajenga masega ya kupindapinda. Tena huhama upesi wakisumbuliwa, na kwa tabia hiyo mzinga usiofunguliwa ovyo unawafaa. Anayeuandaa huupaka nta kidogo ndani, huuweka juu ya nguzo zinazokingwa dhidi ya siafu, kisha hungoja. Mara nyingi kundi huja lenyewe wakati wa maua, ikiwa bado imebaki miti ya kuyatoa.