Umri wa Simu Mikononi mwa Mafundi: Historia Fupi ya Simu ya Mkononi Afrika Mashariki

Tangu simu ya mkononi ilipoingia Afrika Mashariki, umri wake umeamuliwa na watu mara nyingi zaidi kuliko ulivyoamuliwa na uchakavu. Betri huchoka na kioo hupasuka, hilo halina ubishi. Lakini kinachoifanya simu moja itumike miaka minane na nyingine iachwe baada ya miwili ni kama iliundwa ili ifunguke, kama spea zake zinapatikana, na kama kampuni iliyoitengeneza bado inaihudumia. Jambo hili huonekana wazi zaidi kwenye meza za mafundi kuliko kwenye matangazo ya biashara, na ndiyo maana historia yake inafaa kusomwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka ishirini simu zimekuwa zikifunguliwa, zikafufuliwa na kurudishwa mikononi mwa wenyewe.

Tanzania ilipata huduma ya simu za mkononi mwaka 1994 kupitia Mobitel, na Kenya ikaona ushindani halisi mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kugombea wateja. Katika miaka hiyo ya mwanzo simu ilikuwa mali ya watu wachache. Ufundi wake ulipohitajika, haukuanza patupu, kwa kuwa ulikuta ufundi wa redio na runinga uliokuwa umekwisha kuota mizizi mijini. Pasi ya kulehemu, waya wa risasi, kipima umeme, na zaidi ya vyote mazoea ya kuchomoa kipande kizima kutoka kifaa kilichokufa ili kiponye kingine, vyote vilihamia kwenye simu pamoja na watu waliovizoea.

Kilichoifanya kazi hiyo kuwa biashara ya umma ni simu ndogo za vitufe. Nokia 3310 ilitolewa mwaka 2000, na Nokia 1100, yenye tochi kichwani, ilifuata mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani. Watanzania waliziita simu za namna hii kitochi, na Wakenya mulika mwizi. Sifa ya udumifu waliyozipa haikutokana na ugumu wa plastiki peke yake. Kava la nyuma lilifunguka kwa kidole gumba. Mpira wa vitufe uliofutika namba ulinunuliwa peke yake. Na betri ya aina ya BL-5C ilitumika katika modeli nyingi sana, kiasi kwamba muuzaji wa kibanda cha vocha aliweza kuwa nazo kadhaa na kuwahudumia wateja wa simu tofauti tofauti. Simu iliweza kubadilishwa betri, kava, vitufe na spika, kila kimoja kwa wakati wake, na ikaendelea kuhesabiwa kuwa ni ileile.

Kifaa kimoja cha enzi hiyo kinastahili kuelezwa, nacho ni chaja ya kobe. Ilikuwa ni kibanio cha plastiki chenye plagi upande mmoja na vijiti viwili vya chuma upande mwingine, ambavyo mtumiaji alivisogeza kwa ncha za vidole mpaka viguse sehemu mbili za shaba kwenye betri iliyokwisha kutolewa ndani ya simu. Taa ndogo ikiwaka, ilijulikana kwamba umeme unaingia. Kwa njia hiyo simu iliyoharibika tundu la chaji haikuwa imekufa, na mtu wa kijiji kisicho na umeme aliweza kuacha betri moja kwenye kibanda cha kuchajisha huku akitumia nyingine. Betri iliyoishiwa kabisa nayo ilibustiwa, yaani iliguswa kwa muda mfupi na umeme wa chanzo kingine ili saketi yake ya ulinzi, ambayo hujifunga volti zinaposhuka mno, ifunguke tena. Mbinu hiyo iliokoa betri nyingi, ingawa haikukosa hatari, kwani betri iliyokaa mfu kwa miezi huweza kupata hitilafu za ndani zinazoifanya ivimbe na kushika moto.

Ubora wa mpangilio huo wa betri ya kutoa ulidhihirika Agosti 2007, Nokia ilipotangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani zilikuwa na uwezekano wa kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Tangazo hilo lingekuwa balaa kubwa kama betri zingekuwa zimegandishwa ndani ya simu. Kwa kuwa hazikuwa hivyo, mwenye simu alitakiwa tu kusoma namba iliyoandikwa kwenye betri, kuitoa, na kuweka nyingine.

Betri za simu karibu zote ni za ioni za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kati ya ncha mbili kupitia majimaji yaitwayo elektroliti, na kila safari huacha ncha zikiwa na utando unaozidi kuwa mnene na kunasa sehemu ya lithiamu isirudi kazini. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa mizunguko 500, baada yake betri ikitarajiwa kubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 za chaji zilizotumika, hata kama zilitumika kwa siku mbili au tatu. Utando huo hukua haraka zaidi katika joto na pale betri inapokaa imejaa kabisa. Kwa watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam maelezo haya yana uzito wa pekee: simu inayoachwa juu ya dashibodi ya daladala mchana, au inayochajiwa usiku kucha chini ya mto, inazeeka kwa kasi ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha nyuma. Kuichaji mahali penye hewa, kuiacha kati ya asilimia 20 na 80 siku nyingi, na kuivua kava nene inapopata moto wakati wa kuchajiwa, ni mambo madogo yasiyo na gharama, na yanaongeza miaka.

Mwaka 2007 ulikuwa na matukio mawili yaliyovuta pande tofauti. Mwezi Machi Kenya ilizindua M-Pesa, na simu ikaanza kuwa pochi. Mwezi Juni Marekani ikaanza kuuza iPhone, simu ambayo betri yake haikukusudiwa kutolewa na mwenyewe. Kwa muda Afrika Mashariki haikuguswa na badiliko la pili. Huawei IDEOS, simu janja iliyouzwa na Safaricom kwa takribani shilingi 8,000 za Kenya na kuwafungulia wengi mlango wa Android mwaka 2011, bado ilikuwa na kava la kufunguka na betri ya kutoa. Muongo huo ulipofika katikati, gundi ilienea hadi kwenye simu za bei ya chini.

Mafundi hawakushindwa, ila kazi ilibadilika sura. Ili kuifungua simu iliyogandishwa, fundi huipasha joto kwa hita mpaka gundi ya ukingoni ilegee, huingiza kipande chembamba cha plastiki mithili ya kadi, na kukizungusha taratibu pembe kwa pembe, akijua kwamba milimita chache zaidi ndani huweza kukata utepe wa nyaya za kioo. Zamani kioo cha picha na tachi, yaani tabaka linalohisi kidole, vilikuwa vitu viwili na kila kimoja kiliuzwa peke yake. Vilipounganishwa kuwa kimoja, ufa wa ukingoni ulianza kumgharimu mteja kitengo kizima, ambacho kwa simu nyingi za kawaida ni sehemu kubwa ya bei ya simu yenyewe. Hapo ndipo protekta ya bei ndogo ilipopata heshima yake.

Maji na unyevu vimebaki kuwa maadui wa zamani, hasa pwani, ambako chumvi ya hewani huotesha kutu ya kijani kwenye shaba ya bodi. Wengi huizika simu iliyolowa ndani ya mchele, desturi inayopoteza saa ambazo simu ingekuwa mezani kwa fundi, kwa kuwa mchele haunyonyi maji yaliyo chini ya vipande vya bodi na huacha vumbi lake ndani ya tundu la chaji. Kinachoiokoa ni kuzimwa mara moja, kufunguliwa, na bodi kusafishwa kwa spiriti na mswaki laini kabla kutu haijaanza.

Zipo simu zilizokufa zikiwa nzima. Septemba 2012 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilizima karibu simu milioni 1.9 zilizohesabiwa kuwa bandia, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikafanya hivyo nchini humo, baada ya miezi kadhaa ya kuwataka wananchi wapige *#06# ili wahakiki namba tambulishi, yaani tarakimu 15 zinazoitofautisha kila simu na nyingine. Hatua hizo zilikuwa na sababu za haki, zikiwemo wizi na usalama wa watumiaji. Hata hivyo hasara iliwaangukia zaidi wanunuzi wa kipato kidogo ambao hawakujua walichouziwa.

Kifo cha namna nyingine, kilicho kimya zaidi, ni cha programu. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za kabla ya 4.1 mwezi Novemba 2021, na zile za kabla ya 5.0 mwezi Oktoba 2023. Simu zilizokuwa zikipiga na kupokea vizuri zikageuka nusu simu. Fundi hujitahidi kwa kuiflashi, maana yake kuuandika upya mfumo mzima wa ndani, lakini hawezi kuandika toleo ambalo kiwanda hakikulitoa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, ikaomba radhi na kushusha bei ya betri mpya. Wengi walikuwa wamekwisha kununua simu nyingine kwa kutoambiwa kwamba kilichohitajika ni betri tu.

Kila simu inayoachwa mapema huagiza nyingine, na sehemu kubwa ya madini ya kobalti ya betri hizo huchimbwa Kongo, katika eneo la Kolwezi ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini, wakati mwingine na watu wanaoteremka mashimoni bila kinga yoyote. Aliyeongeza miaka miwili kwenye simu yake amepunguza, kwa kadiri yake, haja ya jasho hilo.

Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri zinazobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, spea zipatikane kwa miaka 7 na masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Simu hizo zitafika Kariakoo zikiwa za mtumba, zikiwa zimekwisha kula sehemu ya miaka hiyo mikononi mwa wengine. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi wa mtumba linapaswa kuwa la mwaka modeli ilipotolewa, kabla ya kamera na kabla ya rangi. Galaxy S10 ya mwaka 2019 iliahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka minne, na aliyeinunua mwaka 2022 alibakiwa na mwaka mmoja tu. Galaxy S24 ya Januari 2024 iliahidiwa miaka saba, na ahadi hiyo itakoma mwaka 2031, mwenye kuishika wakati huo awe ni nani.